Nyumba haizeeki kwa mkupuo: umri wa bati, kuta, mabomba na waya kwa nyumba za Pwani

Nyumba ya tofali za saruji iliyojengwa vizuri Dar es Salaam, Tanga au Mombasa inaweza kusimama miaka 60 na zaidi. Ila ndani ya miaka hiyo paa litabadilishwa mara mbili au tatu, koki zitabadilishwa mara nyingi tu, na rangi itapigwa hadi uchoke kuhesabu. Kila kitu kina umri wake. Na mara nyingi kinachokiua kitu cha miaka 40 ni kitu cha miaka 10 kilichokaa jirani yake. Raba ya msumari wa bati ikikauka, kenchi (mbao zinazobeba paa) inaoza. Silikoni ya pembe ya bafu ikiachia, ukuta wa chumba cha pili unavimba. Kwa hiyo ukisoma makadirio haya, usikazane na vitu vikubwa peke yake.

Miaka iliyotajwa hapa ni ya nyumba ya kawaida ya tofali na bati, kwenye ukanda wa joto na hewa ya chumvi. Ukiwa Dodoma, Arusha au Mbeya, vitu vya chuma vitakaa zaidi ya hapo.

Bati

Tunaanza juu kwa sababu maji ndiyo yanayoharibu nyumba, nayo huanzia juu.

Bati huuzwa kwa geji, na namba ikiwa ndogo bati ni nene. Geji 28 inakaribia unene wa milimita 0.4, geji 30 ni kama milimita 0.3, geji 32 ni nyembamba kuliko hiyo. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapopigwa. Geji inakuambia bati litabonyea kiasi gani fundi akilikanyaga. Kutu ni habari nyingine: kinachoizuia ni ngozi ya zinki au aluzinki (mchanganyiko wa alumini na zinki) iliyopakwa juu ya chuma, nayo hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja. Alama AZ150 maana yake gramu 150 za aluzinki. AZ50 ni theluthi yake. Mabati mawili ya geji moja na rangi moja yanaweza kupishana umri kwa miaka 15, na dukani hutaona tofauti kwa macho. Uliza gramu, na idadi hiyo iandikwe kwenye risiti.

Bati la geji 28 lenye AZ150 na rangi ya kiwandani hukaa miaka 30 hadi 40 bara. Kwenye mji wa Pwani, kilomita chache kutoka baharini, hesabu 20 hadi 25. Ukiwa karibu kabisa na ufukwe, kama Bahari Beach, Kigamboni ya ufukweni au Nyali, weka 12 hadi 18. Geji 32 yenye ngozi nyembamba mahali kama hapo inaweza kuanza kutoboka kabla ya mwaka wa 8.

Ukitaka kujua bati lako limefika wapi, usitazame katikati ya paa. Chungulia chini ya upenu. Sehemu iliyo wazi huoshwa na mvua kila masika, lakini chini ya upenu chumvi hujirundika miaka yote bila kuguswa na tone la maji, na kutu huanzia hapo. Mpira wa maji ya bomba (maji ya kisima cha chumvi hayafai), mara mbili kwa mwaka, chini ya upenu wote: kazi ya nusu saa inayoongeza miaka.

Yapo mambo mengine yanayokula bati mapema. Saruji mbichi iliyomwagikia aluzinki huila ngozi yake, kwa hiyo isafishwe kabla haijakauka. Vumbi la chuma linalobaki baada ya kukata bati kwa grainda au kutoboa kwa drili hushika kutu usiku uleule na kuacha madoa yanayochimba. Lifagiliwe siku hiyohiyo. Mbao za dawa zilizopigiwa bati zikiwa bado mbichi hula zinki kwa chini, mahali usipoona.

Misumari na raba zake

Raba ya msumari wa bati hukaa miaka 8 hadi 12, halafu inakauka na kupasuka. Bati linaweza kuwa na nusu ya umri wake bado, lakini paa linavuja, na mwenye nyumba anaambiwa anunue bati jipya. Kabla hujakubali, fanya hivi mwezi wa Februari, masika hayajaanza:

1. Panda darini saa sita mchana, zima taa, kaa dakika mbili macho yazoee giza. Kila tundu litaonekana kama nyota. Weka alama ya chaki kwenye papi (mbao ya kulala ambayo bati hupigiliwa juu yake) iliyo karibu.
2. Tafuta pia michirizi myeusi kwenye papi na kenchi. Tundu dogo la msumari halionyeshi mwanga kila mara, lakini mbao haisahau maji.
3. Panda juu asubuhi mapema kabla bati halijawaka, kwa viatu vya soli laini, ukikanyaga kwenye mstari wa misumari tu, kwa sababu chini yake kuna papi.
4. Msumari uliolegea usiugongelee tena. Tundu lake limeshapanuka, utalegea ndani ya msimu mmoja. Ung'oe, weka skrubu ya bati yenye raba, nene kidogo na ndefu kuliko msumari wa zamani.
5. Kaza hadi raba ifure kidogo pembeni mwa washa yake. Ikitokeza nje sana, umeikata. Bati likibonyea kuzunguka skrubu, umetengeneza kisahani cha kukusanyia maji.

Kwenye bati la migongo ya kawaida msumari hupigwa juu ya mgongo, kamwe si bondeni. Ukikuta paa lote limepigwa bondeni, hilo ni kosa la siku ya kwanza na hakuna dawa ya kupaka itakayolitibu kwa muda mrefu.

Gata za bati hukaa miaka 8 hadi 15, za plastiki 10 hadi 20 zikiwa na vishikizo kila sentimita 60 hivi. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 3 unatosha. Zinazokufa mapema ni zile zilizo chini ya mwembe au mwarobaini ambazo hazisafishwi: majani yaliyolowa hushika unyevu mwaka mzima.

Makuti nayo, kwa kuwa kibanda cha nje hakikosekani Pwani: miaka 4 hadi 7 kama mwinamo ni mkali, karibu digrii 45. Paa la makuti lililolala halimalizi miaka 3, maana maji yanakaa badala ya kutiririka.

Paa la kuficha

Mtindo wa nyumba ambayo bati limefichwa nyuma ya ukuta umeshika kila mtaa mpya. Unapendeza kwenye picha, hilo hatubishi. Lakini kwa umri, hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote za nyumba ya kisasa. Kwenye paa la kawaida gata ikiziba, maji humwagika nje. Kwenye paa la kuficha gata iko ndani ya ukuta, kwa hiyo ikiziba maji yanapanda na kuingia chumbani. Kizuizi cha maji kilichopakwa kwa brashi hukaa miaka 3 hadi 5. Karatasi ya lami inayochomwa kwa moto hukaa 8 hadi 12. Yaani utarudi juu ya paa hilo mara kadhaa kabla bati lenyewe halijachoka.

Kama umeshaamua, simamia mambo matatu. Kila gata iwe na matundu mawili ya kutolea maji, hata kama fundi anasema moja linatosha. Toboa ukuta wa mbele tundu la dharura, sentimita 5 chini ya ukingo wa gata, ili maji yakizidi yatoke nje na wewe uyaone. Na kabla siling haijapigwa, ziba matundu yote, jaza gata maji kina cha sentimita 5 na uyaache saa 24. Fundi atakayekataa jaribio hilo anaijua kazi yake mwenyewe.

Kenchi na mchwa

Paini nyingi za kenchi Tanzania hutoka Nyanda za Juu Kusini, hasa upande wa Mafinga na shamba la miti la Sao Hill. Paini isiyo na dawa mchwa huimaliza ndani ya miaka michache. Iliyopitishwa kwenye mtambo wa kusukuma dawa kwa shinikizo hukaa miaka 30 na zaidi. Katikati yao kuna udanganyifu mwingi: mbao iliyochovywa tu kwenye pipa ina rangi ileile ya kijani kwa nje. Kata sentimita 20 kutoka ncha ya mbao moja. Kijani kikiwa kimezama ndani, ni dawa ya kweli. Ukiona ganda jembamba la kijani na katikati kweupe, umeuziwa rangi.

Hata mbao nzuri ikikatwa, ncha mpya haina ulinzi. Mafundi hukata kila siku na wachache hupaka dawa kwenye ncha. Weka kopo na brashi palepale panapokatwa, vinginevyo haitafanyika.

Mchwa wenyewe hupanda kwa vijia vya udongo, vinene kama penseli, kwenye msingi, nyuma ya makabati na ndani ya mabomba ya waya. Zunguka nyumba kila miezi mitatu. Dawa iliyomwagwa wakati wa ujenzi hupungua nguvu ndani ya miaka 5 hadi 10. Kurudia, chimba mfereji wa kina cha sentimita 30 kuzunguka msingi na umwage lita 5 za dawa iliyochanganywa kwa kila mita moja, kwa vipimo vya lebo. Penye kisima karibu, usimwage kabla ya kumwita mtaalamu.

Zege na nondo

Msingi, nguzo, linta na slabu vinatakiwa kuishi kuliko mwenye nyumba. Kinachoviangusha Pwani ni chumvi. Mchanga wa baharini au maji ya kisima cha chumvi kwenye zege huanza kuila nondo kutoka ndani, na kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa, kwa hiyo inapasua zege kama kabari. Dalili ya kwanza ni ufa mnyoofu unaofuata nondo, kisha doa la kahawia, halafu kipande kinaanguka. Hali hiyo inaweza kutokea mwaka wa 10 kwenye baraza lililomwagwa vibaya.

Kosa jingine ni nondo kukaa chini kabisa, juu ya mbao za fomu, bila kunyanyuliwa. Nondo inahitaji zege la kuifunika: milimita 25 kwa ndani, 40 kwa sehemu inayopigwa na upepo wa bahari. Vipande vidogo vya zege vya kunyanyulia, ambavyo mafundi huviita biskuti, ni bei ya bure. Halafu mwagilia zege siku 7 bila kukosa, 14 ikiwezekana. Tofali hivyohivyo: mfuko mmoja wa kilo 50 utoe tofali za inchi 6 zisizozidi 35 hivi. Anayekutolea 50 anakuuzia mchanga.

Ukikuta nondo imejitokeza, kupiga lipu juu yake ni kuficha ugonjwa. Banja zege hadi upite nyuma ya nondo kwa sentimita 2, sugua chuma hadi king'ae, paka dawa ya kuzuia kutu, kisha ziba kwa mota ya kurekebishia zege. Nondo ikiwa imepungua robo ya unene wake, simama hapo na umwite mhandisi.

Kuta na kile kinachoitwa fangasi

Kuta nyingi za Dar es Salaam hubabuka futi mbili za chini, na kila mtu husema ukuta umeliwa na fangasi. Mara nyingi si fangasi. Ni chumvi iliyopandishwa na unyevu wa ardhini: maji yanakauka usoni mwa ukuta, chumvi inabaki, inakua na kusukuma rangi na lipu nje. Kwangua unga ule mweupe uutie kwenye glasi ya maji. Ukiyeyuka wote ni chumvi, na dawa ya fangasi uliyouziwa haina kazi hapo.

Kizuizi cha unyevu, ile karatasi nyeusi inayolazwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza, hukaa umri wa nyumba kama iliwekwa na haikutobolewa. Kinachoivuruga hata ikiwa nzima ni pevingi. Nyumba inajengwa, miaka 5 baadaye mwenye nyumba anajaza kifusi uwanjani na kulaza pevingi, ardhi ya nje inapanda juu ya kizuizi, na unyevu unaingia kwa ubavuni. Kati ya kizuizi na ardhi ya nje ibaki angalau sentimita 15. Ukuta ulioanza kubabuka baada ya uwanja kupambwa haukuanza kwa bahati mbaya.

Kutibu, anza na chanzo: shusha ardhi ya nje, rekebisha bomba linalovuja, elekeza maji ya paa mbali na ukuta. Kisha bandua lipu hadi sentimita 30 juu ya mstari wa juu kabisa wa chumvi. Fagia chumvi kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Acha ukuta ukauke miezi miwili au zaidi, ikiwezekana kiangazi kizima, ndipo upige lipu mpya. Pasipokuwa na kizuizi kabisa, yapo madawa ya kudunga kwenye mstari wa mota: matundu ya milimita 12, kila baada ya sentimita 12. Usipige skimu ya jipsam futi hizo za chini. Jipsam hunywa maji kama sponji. Rangi ya mafuta ni mbaya zaidi, maana unyevu ukifungiwa hapa hupanda juu kutafuta pa kutokea.

Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe, zina sheria yake: chokaa hupumua. Ukizipiga lipu ya saruji unafungia unyevu ndani, na ncha za boriti zilizozama ukutani zinaoza kimyakimya huku ukuta kwa nje unameremeta. Huko rekebisha chokaa kwa chokaa.

Lipu ya ndani hukaa miaka 40 na zaidi, ya nje 20 hadi 30. Rangi ya nje miaka 4 hadi 7, ya ndani 6 hadi 10, ya grili na mageti 3 hadi 4. Lipu mpya isubiri siku 28 kabla ya rangi. Ukipitisha kiganja kwenye ukuta wa nje kikatoka na unga, rangi imeisha kazi hata kama bado inapendeza.

Maji

Bomba la chuma lenye zinki hukaa miaka 20 hadi 30 kwa maji mazuri, na pungufu ya 15 kwa maji ya kisima chenye chumvi. Maji ya kahawia asubuhi ni salamu zake. Bomba la PPR, yaani la plastiki linalounganishwa kwa kuyeyushwa na moto, limesanifiwa kukaa miaka 50 lakini huharibikia kwenye maungio, na kosa hufanyika siku ya kuunga. Mashine iwe nyuzi 260. Bomba la milimita 20 lipashwe sekunde 5, la 25 sekunde 7, kisha liingizwe moja kwa moja bila kuzungushwa. Fundi asiyehesabu hulipasha mno, plastiki inajikunja ndani na kuziba nusu ya njia, nawe utalaumu presha ya maji miaka yote. PVC iliyoachwa juani bila kupakwa rangi huwa kavu na kuvunjika ndani ya miaka 5 hadi 10.

Hozi za kuunganisha sinki na koki ni kitu kidogo cha kuogopwa. Zibadilishe kila miaka 5 hata kama ni nzima, kwa sababu zikipasuka ukiwa safarini nyumba inakuwa bwawa. Raba za koki huenda mwaka 1 hadi 3, koki za geti (zile za kufungia maji ya bomba zima) 5 hadi 10. Zungusha koki kubwa ya nje mara mbili kwa mwaka, maana ikigandia utaijua siku ya dharura.

Kujua kama kuna bomba linalovuja ndani ya ukuta, soma mita usiku wakati wa kulala, na usome tena kabla mtu hajafungua maji. Kwa choo, tia rangi ya chakula kwenye tangi la juu na usubiri dakika 15 bila kuflashi. Rangi ikishuka bakulini, raba ya chini imekwisha. Bakuli lenyewe hukaa miaka 30 na zaidi, vitu vya ndani ya tangi 3 hadi 7.

Tangi la plastiki hukaa miaka 10 hadi 15 juani. Lita 2,000 ni tani 2, kwa hiyo likae juu ya slabu bapa iliyobeba chini yote. Mbao zenye nafasi hulipasua. Mnara wa vyuma upakwe rangi kila miaka 2 au 3, hasa kwenye viungo vya kulehemu. Usiunge bomba gumu moja kwa moja kwenye tangi: likijaa linashuka kidogo, likiisha linapanda, na mwisho ukuta wake huchanika penye tundu.

Septiki iliyojengwa vizuri hukaa miaka 40. Kinyesi kilichotuama kikifika theluthi ya kina chake, ni wakati wa kuita gari la majitaka. Kwa familia ya watu 6 hiyo ni miaka 3 hadi 5. Pima kwa mti mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe: ushushe hadi chini, subiri dakika chache, utoe. Sehemu nyeusi ndiyo tope. Shimo la kunyonya hukaa 10 hadi 20 kwenye mchanga, na linaweza kugoma baada ya miaka 5 kwenye mfinyanzi. Maji ya mvua yasielekezwe humo. Na mtu asiingie shimoni kwa sababu yoyote: hewa ya mle ndani huua kabla hajapiga kelele.

Umeme

Waya wa shaba ndani ya bomba lake hukaa miaka 30 hadi 40 usipopata moto. Milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, 6 kwa jiko au hita kubwa. AC iliyounganishwa kwenye waya wa taa hupika ganda la waya polepole hadi linakuwa kama biskuti. Kuna pia waya wa alumini uliopakwa shaba, unaouzwa kama shaba tupu: kata, kwangua ncha kwa kisu. Ukiona weupe, rudisha dukani.

Soketi hukaa miaka 10 hadi 15, breka 15 hadi 20, kasoro ile breka ya kuzuia mtu asipigwe na umeme, ambayo ina kitufe cha majaribio. Kibonyeze kila miezi mitatu. Isipokata, haikulindi. Soketi iliyobadilika rangi au inayopata joto isisubiri mwisho wa mwezi. Fimbo ya ethi huwa nzima, kinachokufa ni kile kibano cha juu kinacholiwa na kutu. Mwite fundi aipime kila miaka 5, tena kiangazi, ardhi ikiwa imekauka.

AC ya Pwani hukaa miaka 5 hadi 8 karibu na bahari, 10 hadi 12 ukisogea ndani. Chujio kila wiki mbili, kipande cha nje kioshwe kwa maji baridi kila mwezi. Hita ya bafu ya maji ya chumvi huenda mwaka 1 hadi 3.

Milango, madirisha, marumaru

Mlango wa mninga au mkongo, ambao Pwani huitwa mbambakofi, hupita miaka 50. Mlango wa plaiwudi bafuni hufa kwa miaka 3 hadi 5, na unaanza kufa kwa chini kwa sababu fundi rangi hakuupaka ukingo ule usioonekana. Vitasa vya bei rahisi miaka 3 hadi 5. Shaba au chuma kisichoshika kutu hukaa mara tatu ya hapo.

Fremu ya alumini hukaa 30, magurudumu yake 5 hadi 8, wavu wa mbu 3 hadi 5. Mvua ikiingia ndani kupitia dirisha la kuteleza, tazama chini ya fremu kwa nje. Kuna vitundu vya kutolea maji, na mara nyingi fundi ameviziba kwa silikoni akidhani anakufanyia hisani. Vifungue kwa msumari.

Marumaru yenyewe haina mwisho. Gonga kwa sarafu: sauti ya tupu ni kwamba mota haikujaa chini, imewekwa madonge matano na kubonyezwa. Hiyo itapasuka siku kitu kizito kikianguka. Silikoni ya pembe za bafu ibadilishwe kila miaka 3 hadi 5. Ing'oe yote kwanza, kwa sababu silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani.

Kuweka hesabu

Kwa kila kitu kikubwa, gawa gharama ya kukibadilisha kwa umri wake. Tuseme paa la shilingi 12,000,000 linategemewa kukaa miaka 20: hapo ni shilingi 600,000 kwa mwaka, au 50,000 kila mwezi. Ukifanya hivyo kwa paa, rangi ya nje, tangi, pampu na AC utapata kiasi cha kuweka pembeni, na mara nyingi ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa nyumba ya kupangisha, kiasi hicho kitolewe kwenye kodi kabla hujaita iliyobaki faida.

Ukaguzi uwe mara mbili: Februari kabla ya masika, Septemba kabla ya vuli. Piga picha za kuta kabla lipu haijapigwa ili ujue mabomba na waya vilipopita. Hifadhi boksi moja la marumaru za kila chumba na namba ya rangi iliyo kwenye kifuniko cha kopo. Tarehe ya kufunga iandikwe kwa kalamu isiyofutika kwenye kitu chenyewe: ubavuni mwa tangi, ndani ya mlango wa boksi la breka, na kwenye kipande cha plasta kilichozungushwa kila hozi chini ya sinki. Daftari hupotea wakati wa kuhama.